Somo Lililofundishwa Mara Mbili

Mkono wa kwanza ulipoinuka kabla Dishon hajauliza swali, Perez alijua ameharibu.

Ulikuwa mkono wa Lornah, msichana wa dawati la mbele, na haukuinuka peke yake. Darasa zima la tano lilinyoosha mikono, wengine wamesimama nusu, wengine wanapiga vidole hewani. "Mimi, Mwalimu! Mimi!" Na masikini Dishon Ochieng alikuwa bado anapanga mezani mikebe yake ya mafuta ya Kimbo, ile aliyoitoboa vitako kwa msumari. Mmoja ulikuwa na mchanga, wa pili udongo mweusi wa Ahero unaogandamana na viatu, wa tatu udongo wa bustani ya shule. Hakuwa amemwaga hata tone la maji. Hakuwa amesema lolote zaidi ya "Hamjambo."

"Ngojeni kwanza," alisema akicheka. "Sijauliza kitu. Mnataka kujibu nini?"

Nyuma ya darasa, kwenye kiti kilichobebwa kutoka ofisini, alikaa Bwana Wakhisi, mkufunzi wa chuo cha ualimu, kalamu mkononi. Wanachuo walitumwa mashuleni muhula mzima kujifunza kazi mbele ya watoto wa kweli, na wakufunzi walikuja kuwakagua. Hii ilikuwa mara ya mwisho kwa Dishon kukaguliwa. Akianguka leo, cheti hakuna, na mwaka mzima anaurudia. Kando ya kabati alisimama Perez Apiyo, mwalimu mwenye darasa, ambaye kwa muhula wote huo ndiye aliyekuwa akimsimamia Dishon. 

"Haya," Dishon akaendelea. "Nitamwaga maji kwenye mikebe hii. Nataka mniambie mnavyofikiri. Hata ukikosea ni sawa. Mimi nataka mbishane. Lornah?"

Lornah akasimama wima kama anayeimba kwaya. "Mwalimu, maji yatapita haraka kwa mchanga, kwa sababu chembe zake ni kubwa na katikati yake kuna nafasi. Yatakaa kwa udongo mweusi, kwa sababu chembe zake ni ndogo na zimebanana." Na aliposema "zimebanana" akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akavifinya, jicho moja limefungwa kidogo.

Dishon aliiangalia ile ishara. Kuna mtu mmoja tu katika shule nzima aliyefinya vidole namna hiyo na kufumba jicho moja akieleza jambo, naye alikuwa amesimama kando ya kabati.

"Kuna mwenye wazo tofauti?" aliuliza polepole.

Hakukuwa na wazo tofauti. Darasa zima lilikuwa na wazo moja, tena safi, lenye maneno yaleyale. Akamwaga maji. Hakuna mtoto aliyeinama kuangalia yanavyodondoka. Wangeangalia nini, nao walishajua? Wavulana wawili wa nyuma walipiga miayo. Bwana Wakhisi akaacha kuandika, akafunika kalamu yake.

Tusimlaumu Perez haraka. Dishon hakuwa kijana wa shule. Alikuwa amemzidi Perez kwa miaka michache, na kabla ya kwenda chuoni alikuwa amefundisha muda mrefu bila mafunzo, mmoja wa wale watu waliokuwa wakiitwa UT na kulipwa kama vibarua. Alikulia mtaa wa Kondele, mama yake akiuza samaki sokoni, na chuo alikiingia kwa jasho. Siku ya kwanza alipojitambulisha, Perez alimwona mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliyemwita "Mwalimu" bila kinyongo ingawa Perez ndiye mdogo. Jioni walikaa kwenye madawati ya watoto wakirekebisha maandalio ya somo la kesho. Wiki zilivyozidi kwenda, Perez alijikuta anavaa blauzi yake ya buluu mara nyingi kuliko inavyofaa.

Dishon hakuwahi kusema neno. Macho yake yalisema, hilo Perez angeliapia kanisani. Yalikaa juu yake kidogo kuliko kawaida, kisha yakakimbilia ubaoni. Lakini mdomo wake ulisema chaki na madaftari tu, na Perez akawa anarudi nyumbani kila jioni na njaa isiyoshibishwa na ugali.

Na huko nyumbani nako hakukuwa na amani. Baba yake, Mzee Ogola, mkulima wa mpunga, alikwisha kusikia.

"Nyathina," alimwambia, yaani mwanangu, "watu wanasema unamwangalia sana yule mwanafunzi wako."

"Si mwanafunzi, Baba. Ni mwalimu wa mazoezi."

"Wewe si ndiye unamsahihishia kazi? Basi ni mwanafunzi. Mimi siwezi kupeana msichana kwa mtu anasahihishwa na bibi yake. Dalmas yuko pale kiwanda cha sukari Muhoroni, ana kazi, ana nyumba, na hakuna mtu anamwandikia ripoti."

Dalmas huyo alikuja kila mara na kilo za sukari, akanywa chai yenye sukari hiyohiyo, akazungumzia matrekta. Perez hakumchukia. Hakumfikiria tu.

Sasa, mara ya kwanza Bwana Wakhisi alipokuja kukagua, watoto walimwogopa mgeni wakafa ganzi. Dishon aliuliza na kuuliza, darasa likawa kimya kama kaburi, akapata alama mbaya. Ndiyo maana jana mchana, Dishon alipokwenda mto Nyando kutafuta mchanga mzuri wa jaribio lake, Perez alifunga mlango wa darasa, akachukua mikebe mingine, akafundisha somo lile lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akawaambia watoto, "Mwalimu Ochieng asijue. Hii ni zawadi yetu kwake." Na watoto, ambao walimpenda Dishon kuliko mapumziko, wakaitunza zawadi hiyo kwa uaminifu wote.

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bi Agneta, hapakuwa na nafasi ya watu wanne, kwa hiyo walisimama wamekaribiana huku pakiti za maziwa ya shule zimepangwa mpaka dirishani.

"Bwana Ochieng," alisema Wakhisi, "somo hili lilifundishwa jana."

"Ndiyo, Bwana."

"Na nani?"

Dishon hakumwangalia Perez. "Mimi."

Perez aligeuka kumwangalia.

"Unajua maana yake?" Wakhisi aliuliza. "Kufanyisha darasa mazoezi ili kumdanganya mkaguzi ni kuanguka. Siongezi, sipunguzi."

"Najua, Bwana."

"Anasema uongo!" Perez alilipuka.

Bi Agneta akashika kichwa. "Ai yawa, Perez."

"Anasema uongo, Bwana Wakhisi. Jana hata hakuwa shuleni, alienda mtoni kuchota mchanga. Muulize Mwalimu Mkuu, ndiye alimpa ruhusa. Ni mimi niliyewafundisha. Yeye hakujua kitu mpaka Lornah aliposimama."

"Mwalimu Perez, nyamaza," Dishon alisema kwa sauti ya chini.

"Sinyamazi!"

Wakhisi aliwaangalia kwa zamu. Alikuwa mzee mwenye mvi na subira ndefu. "Mimi nimezunguka na hawa walimu wa mazoezi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Nimeona madarasa ambayo anayejua jibu ananyoosha mkono wa kulia, na asiyejua ananyoosha wa kushoto, ili wote waonekane werevu. Nimeona watoto werevu wakiazimwa kutoka darasa la juu. Lakini mwanachuo kuibiwa somo lake na msimamizi wake mwenyewe, hiyo sijaona."

Akamgeukia Dishon. "Nenda darasa la sita. Hawajui unakuja, na wewe hujui unafundisha nini. Mwalimu Mkuu atakufungulia ukurasa wowote anaotaka. Mimi nakuja sasa hivi. Na wewe, Mwalimu Perez, usikaribie mlango ule."

Walipotoka wale wawili, Wakhisi alivuta kiti akaketi.

"Umesimamia wanachuo wangapi kabla ya huyu?"

"Kadhaa, Bwana."

"Kuna aliyewahi kuanguka?"

"Yuko mmoja."

"Ulimfundishia?"

"Hapana."

"Basi kwa nini huyu?"

Perez aliangalia pakiti za maziwa. Aliangalia viatu vyake.  Machozi yalimjaa, akasema ukweli. "Huyu nampenda, Bwana. Niliogopa."

"Uliogopa ataanguka?"

"Niliogopa ataondoka akiwa ameanguka, aone haya kurudi. Na nyumbani wanasubiri tu aanguke, waniambie, si tulikuambia."

Wakhisi hakucheka, jambo ambalo Perez alilikumbuka kwa shukrani baadaye. "Yeye anajua?"

"Sijui. Hatujawahi kuongea."

"Haya." Mkufunzi aliinuka, magoti yakalia. "Kwanza, mimi sitaandika mahali popote uliyofanya jana, kwa sababu umesema mwenyewe. Pili, huwezi kuendelea kumsimamia. Mtu hawezi kumpima anayempenda. Zile wiki zimebaki atamalizia Muhoroni, wana upungufu wa walimu. Kuanzia Jumatatu."

"Unamwadhibu yeye kwa kosa langu?"

"Hapana, mama. Ninakupokonya kalamu nyekundu, ni hivyo tu." Naye akatoka.

Kile kipindi kilikuwa kirefu kwa Perez kuliko muhula wenyewe. Alirudi darasani kwake, akawapa watoto hesabu, akakaa mezani. Ukuta tu ndio uliomtenga na darasa la sita. Mwanzoni hakusikia kitu. Kimya. Kimya kilekile cha mara ya kwanza. Akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akashika komeo. Angeweza kupita tu nje, kama anayekwenda chooni. Angeweza kumwangalia mtoto mmoja kwa jicho kali la "jibu basi!"

Akaachia komeo. Akarudi kukaa. Jambo hilo dogo lilimgharimu kuliko lile alilolisema ofisini.

Kisha upande wa pili akasikia mtoto akisema kitu, na mwingine akisema, "Uongo!" Sauti ya Dishon ikauliza, na sauti nyingi zikaingiliana, wakibishana, dawati likiburutwa, mtu akipiga kelele, "Mwalimu, huyu hajui, hebu mimi!" Ilikuwa vurugu tamu. Lornah akainua kichwa kutoka kwenye hesabu zake.

"Madam, mbona unalia?"

"Vumbi ya chaki. Fanya hesabu."

Mchana watoto walipokwenda nyumbani, alimkuta Dishon kwenye tangi la maji nyuma ya jiko la shule, ameinama anaosha mikebe yake ndani ya ndoo. Udongo mweusi ulikuwa umeganda ndani na haukutaka kutoka. Alikuwa ameusikia mwendo wake, lakini hakugeuka.

"Mwalimu Ochieng."

"Mwalimu Perez."

"Bwana Wakhisi amesemaje?"

"Nimepita."

Alisema hivyo tu. Perez alitaka kurukaruka, akaona mabega yake yalivyokaza, akabaki alipo.

"Umenikasirikia."

"Sana." Alisugua mkebe kwa majani. "Jana nilitembea mpaka mtoni kwa sababu ya ule mchanga. Nilikaa nikiwaza, wataangalia maji yakitoka, watashangaa. Nilitaka kuona hizo nyuso zao. Hicho ndicho kitu napenda kwa hii kazi, Perez. Si alama. Ni ule uso wa mtoto kabla hajajua. Wewe ulinimalizia zote jana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Perez bila "Mwalimu", na ilikuja wakati wa kugombezwa. Ikamchoma mara mbili.

"Nisamehe."

"Muhula mzima umekaa nyuma ya darasa unaniangalia. Nilidhani unaniamini."

"Nakuamini."

"Hapana. Mtu akikuamini anakuacha uanguke mwenyewe."

Perez aliinama upande wa pili wa ndoo, akachukua mkebe mmoja, akaanza kuuosha naye.  "Ni kweli," alisema. "Nilikuogopea kama mtoto anayejifunza kutembea. Ni kosa langu na sitalipamba. Lakini na wewe, kwa nini ulisema ni wewe? Ungepoteza mwaka wako."

"Ningefanya nini? Nikuache uaibishwe mbele ya Bi Agneta?"

"Kwa hiyo na wewe ulinibeba bila kuniuliza."

 Kona ya mdomo wa Dishon ikasogea. "Hiyo nayo ni kweli."

Walisugua kwa muda. Kuku wa mpishi walikuja kuchungulia maji yanayomwagika.

"Amenihamisha," Dishon alisema. "Muhoroni. Nimemuuliza sababu, akasema nikuulize wewe. Ulimwambia nini?"

Hapo Perez alijuta kwamba alikuja. Akasugua mkebe mahali palipokwisha kutakata.

"Aliniuliza kwa nini nilifanya vile."

"Ukasema?"

"Nikasema ukweli."

"Perez. Ukweli gani?"

"Kwamba nakupenda." Akaisema haraka, akiangalia kuku. "Kama unataka kucheka, cheka sasa, Jumatatu hutakuwepo."

Hakusikia kicheko. Alipothubutu kuinua macho, Dishon alikuwa ameuacha mkebe uelee ndani ya ndoo na kukaa chini kwenye jiwe, suruali yake ya ukaguzi ikiloa, kama mtu aliyeambiwa habari njema akiwa ametembea mbali sana.

"Wewe unajua nimenyamaza kwa nini muda huu wote?" aliuliza.

"Nilidhani hunioni."

"Sikuoni vipi! Ile blauzi ya buluu naijua mpaka vifungo." Akajifuta uso, akajipaka matope bila kujua. "Wewe ndiye unaandika ripoti yangu. Ningekwambia neno moja, watu wangesema UT wa Kondele anatafuta alama kwa msichana wa watu. Na wewe mwenyewe, usiku ukilala, ungejiuliza kama ni kweli. Nikasema hapana. Nitangoja mpaka asiwe na kitu changu mkononi. Nikawa nahesabu wiki zimalizike."

"Kumbe ulikuwa unangoja nisiwe msimamizi wako?"

"Kumbe."

"Na sasa si msimamizi wako."

"Tangu asubuhi," Dishon alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, tabasamu lililompanda mpaka machoni. "Yule mzee ana akili sana."

Perez alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Dishon aliishika mikono yake, yote minne ikiwa imejaa udongo mweusi ulioshindikana kutoka kwenye mikebe.

"Nakupenda, Perez. Nilikupenda tangu siku ile uliniambia maandishi yangu ya ubaoni yanapanda mlima."

"Bado yanapanda."

"Acha yapande."

"Muhoroni ni kwa Dalmas," alikumbuka ghafla. "Baba anamtaka Dalmas."

"Nitamsalimia Dalmas. Ni mtu mzuri?"

"Anaongea matrekta."

"Basi nitamsikiliza." Akawa na uso wa kazi tena. "Mzee Ogola anasema mimi ni mwanafunzi wako, si ndiyo? Nimesikia. Kuanzia Jumatatu hawezi kusema hivyo. Jumamosi nitakuja kwenu na baba yangu mdogo. Cheti sina bado, na nyumba sina. Nitamwambia hivyo hivyo."

Perez akamwangalia. Mara moja kichwa chake kikaanza kazi kiliyoizoea. Angemwambia kwamba Mzee Ogola husalimiwa akiwa amekaa, kamwe si akiwa shambani. Angemwambia aulize habari za mpunga kabla ya habari nyingine yoyote, asitaje Dalmas, asikae kwenye kiti cha karibu na redio, na akiulizwa kuhusu mama yake wa sokoni asijibu kwa hasira. Zaidi ya hayo, angeweza kutangulia nyumbani leo hii hii, akaanza kumlainisha mzee kidogo kidogo, mpaka Jumamosi ifike kila swali likiwa na jibu lake tayari. Alivuta pumzi. Alifungua mdomo.

Dishon alikuwa anamngoja, matope shavuni, kichwa kimeinama kidogo kama alivyozoea kupokea masahihisho.

Perez akaufunga mdomo.

"Huna maelekezo, Mwalimu?" Dishon aliuliza.

"Sina," alisema Perez. "Wewe njoo tu."